Kitanzi Nyuma ya Mshale

Katika upinde wa kisasa, ule wenye magurudumu kwenye ncha zake mbili, kitu cha bei ndogo kuliko vyote ni kipande cha kamba kisichofika urefu wa kalamu. Kimefungwa katikati ya upote, yaani uzi wa upinde, palepale mkia wa mshale unapokaa, kwa mafundo mawili: moja juu ya mshale, jingine chini yake. Kati ya mafundo hayo kamba imeachwa ijikunje kwa nyuma, ikafanya kitanzi kidogo cha kuingiza ndoano. Upinde wenyewe huenda ukawa wa alumini iliyochongwa kwa mashine inayoongozwa na kompyuta, mikono yake ikawa ya nyuzi za kaboni, na bei yake ikatosha kununua pikipiki mpya. Kamba ya kitanzi huuzwa kwa mita, na mita moja hutoa vitanzi vinane. Lakini nguvu zote anazoingiza mtu katika upinde ule hupitia hapo. Hakuna uzi mwingine wa kuziba nafasi yake kikikatika.

Fundi wa dukani atakufungia kitanzi kwa dakika chache, na pengine atakifunga vizuri. Siwalaumu wanaomwachia kazi hiyo. Ninachosema ni kwamba anayejifungia mwenyewe anapata kitu ambacho fundi hawezi kumpa pamoja na risiti: anajua kamba ilikatwa urefu gani, fundo lilikazwa kwa nguvu kiasi gani, lini, na kwa sababu hiyo anajua kukisoma kitanzi kinapoanza kuchoka. Upinde hutoka kiwandani haumjui mtu yeyote. Haujui urefu wa mkono wake, wala umbo la taya lake, wala jinsi anavyopenda kutulia kabla ya kuachia. Mambo hayo huanza kuingia katika upinde kwenye kitanzi.

Ili kuelewa kwa nini kamba ndogo hivyo imepewa kazi kubwa hivyo, inabidi kurudi nyuma kidogo. Upinde huu wa magurudumu, uitwao kompaundi, ni wa Marekani. Holless Wilbur Allen, mtu wa jimbo la Missouri, aliuombea hataza mwaka 1966 na kuipata mwaka 1969. Aliweka kwenye ncha za upinde magurudumu ambayo ekseli zake haziko katikati. Mvutaji huanza na uzito mkubwa, tuseme kilo 27, lakini akikaribia mwisho magurudumu hugeuka na kumbebea sehemu kubwa ya mzigo, mkononi mwake zikabaki kilo tano au sita tu. Kwa upinde wa kawaida, anayevuta hadi mwisho ana sekunde chache kabla misuli haijaanza kutetemeka. Kwa kompaundi anaweza kukaa, akapumua, akalenga, akalenga tena.

Utulivu huo ulifichua kosa ambalo zamani lilifunikwa na haraka. Kosa lenyewe ni namna ya kuachia. Vidole vitatu haviwezi kuondoka kwenye uzi kwa wakati mmoja. Kimoja huchelewa, kingine huusukuma uzi pembeni, na upote unapokimbilia mbele unakwenda ukiyumba, nao mshale unauiga. Tena upinde wa kompaundi ni mfupi, mara nyingi chini ya mita moja kutoka ekseli hadi ekseli, hivyo ukivutwa hadi mwisho upote hufanya pembe kali inayobana vidole dhidi ya mshale. Mtu aliyejaribu kuvuta kompaundi fupi kwa vidole hahitaji kuelezwa zaidi.

Tatizo la vidole ni la zamani sana, na majibu yake nayo ni ya zamani. Wamongolia na Waturuki wa Dola ya Osmani walivaa pete ya gumba, ya pembe au ya mfupa au ya jiwe la jade, upote ukakaa kwenye ukingo wa pete badala ya nyama ya kidole. Kitu kimoja kigumu kikashika, kitu kimoja kikaachia. Kwa upande mwingine, Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, huvuta kwa vidole vitupu pinde ambazo baadhi yake ni nzito kuliko inavyoruhusiwa kwa kompaundi za mashindano, upote wake ukiwa umetengenezwa kwa mishipa ya mnyama, na wanapata nyama. Mtindo wa Olimpiki hadi sasa umekuwa wa vidole vilivyokingwa kwa kipande cha ngozi. Ndivyo alivyoshindana Shehzana Anwar wa Kenya, aliyeibeba bendera ya nchi yake Rio mwaka 2016. Kwa hiyo sidai kwamba vidole havifai. Nasema tu kwamba wa kompaundi walichagua njia nyingine, na njia hiyo iliishia kwenye kamba.

Walianza na kifyatuo: kifaa kidogo chenye ndoano mbele na kitufe au wenzo wa kuachilia, ama kimefungwa kwenye kifundo cha mkono, ama kimeshikwa kiganjani. Mwanzoni ndoano ilikamata upote wenyewe, chini kidogo ya mshale. Ikaleta shida mbili. Kwanza, chuma kilikuwa kinautafuna upote kila siku mahali palepale. Pili, kuvuta kutoka chini ya mshale kunausukuma mkia wa mshale juu. Kitanzi kiliziondoa zote mbili kwa mkupuo mmoja. Chuma sasa kinagusa kamba ya bei ndogo badala ya upote wa bei kubwa, na mvuto unatoka nyuma kabisa ya mshale, kwenye mstari wake. Mimi hukiona kitanzi kuwa kitu kilichowekwa ili kichakae, upote upate kuishi. Ndiyo maana sipendi vitanzi vya chuma, ambavyo vipo madukani na husifiwa kwa kudumu. Chuma huongeza uzito katikati ya upote, mahali ambapo kila gramu hupunguza mwendo wa mshale, na huhamishia uchakavu kule ambako kamba ilikuwa inauzuia.

Sasa tukae kwenye kamba yenyewe. Inayofaa ni ya poliesta iliyosukwa, kipenyo chake milimita mbili hivi, ngumu kiasi kwamba ukishika ncha moja ya kipande kifupi, ncha ya pili haiinami. Kamba laini itakudanganya. Itajifunga kwa urahisi, fundo litaonekana zuri, halafu siku ya tatu utakuta kitanzi kimerefuka. Rangi pia si urembo mtupu. Kamba nyeusi huficha vinyweleo vinavyotoka inapoanza kukatika, nami huchagua rangi ya kung'aa ambayo uchakavu wake unaonekana bila kutafutwa.

Urefu ninaoukata ni sentimita 11.5. Baada ya mafundo kumeza sehemu yao, uwazi unaobaki ndani ya kitanzi ni sentimita moja na robo hivi, nao unatosha ndoano ya kifyatuo changu kuingia na kutoka bila kutafuta njia. Mwingine atahitaji 11, mwingine 12. Sentimita moja ikizidi kwenye kamba, kitanzi kinarefuka nusu sentimita tu, kwa sababu kamba inakwenda na kurudi. Lakini nusu sentimita hiyo inausogeza mkono nyuma, na mkono uliozoea kukaa chini ya mfupa wa taya unaanza kutafuta mahali pengine pa kutulia. Watu hubadilisha upinde mzima kwa kuuona mrefu au mfupi mno, kumbe walichohitaji ni kukata kamba upya.

Baada ya kukata kwa wembe mkali huja kazi ya moto, nayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ncha ya kamba husukumwa juu ya meza mpaka nyuzi zake zifumuke na kutanuka. Kisha kiberiti cha gesi huletwa karibu, ncha ikakaa pembeni mwa mwali wa moto, isiingie ndani yake. Nyuzi huanza kujikunja, zikayeyuka, zikajikusanya kuwa tone. Kabla tone halijaganda hubonyezwa kwenye bapa la chuma, ubavu wa kisu kwa mfano, likatandazika na kuwa kofia pana kuliko kamba. Kidole kisijaribu kazi hiyo, kwa kuwa plastiki iliyoyeyuka hung'ang'ania ngozi na kuendelea kuunguza. Kofia iliyopikwa vizuri hubaki na rangi ya kamba, inang'aa, na ukiigonga kwa ukucha inatoa mlio mkavu. Iliyoungua huwa nyeusi na yenye mapovu ndani, na itavunjika siku ambayo hukuitarajia. Ikiwa nyeusi, ikate, upike tena. Umepoteza milimita tatu za kamba.

Kofia hizo mbili ndizo zinazofanya mafundo madogo hivyo yawezekane. Fundo la kitanzi, ukilitazama lilivyo, haliwezi kushika chochote kwa nguvu zake. Ni mzunguko mmoja tu kuuzunguka upote, ncha ikabanwa chini ya kamba yake yenyewe. Kama ncha ingekuwa tupu, mvuto wa kwanza ungeichomoa. Kwa kuwa ina kofia, kila mvuto unaileta kofia karibu zaidi na kamba inayoibana, na fundo likazidi kujifunga. Nguvu inayotaka kulifungua ndiyo inayolikaza. Nimelitazama mara nyingi na sijachoka kulistaajabia.

Ncha zote mbili zipikwe kabla kamba haijafika karibu na upinde. Wapo wanaopika ya pili ikiwa tayari kwenye upote, kwa kuona kwamba hivyo watapata urefu sahihi zaidi. Nawasihi waache. Poliesta ya kitanzi huyeyuka kwenye joto la zaidi ya selsiasi 250. Upote wa kisasa kwa kawaida husukwa kwa nyuzi za polithini maalumu, maarufu zaidi ikiwa Dyneema iliyotoka Uholanzi, ambazo kwa uzito sawa ni imara kuliko chuma cha pua lakini huyeyuka zikifika selsiasi 150 hivi. Moto unaotosha kupika kofia nzuri umeshapita kiwango cha kuharibu upote, na uharibifu huo huenda usionekane kwa macho.

Katikati ya upote kuna sehemu iliyozungushiwa uzi mwingine mwembamba, duru kando ya duru, bila nafasi kati yake. Nitauita mzongo. Kazi yake ni kuulinda upote mahali unapoguswa, na kuufanya uwe na unene unaolingana na pengo lililoko kwenye mkia wa mshale. Unene huo una kipimo cha kujaribia. Pachika mshale kwenye upote, uache uning'inie kichwa chini, kisha upige upote kwa kidole. Mshale udondoke kwa pigo dogo. Ukidondoka wenyewe, mzongo ni mwembamba. Ukihitaji kung'olewa, ni mnene, na hakuna kitanzi kitakachokuokoa.

Kabla ya kitanzi, juu na chini ya mahali pa mshale hufungwa vifundo viwili vya uzi mwembamba, kila kimoja safu chache za nusu fundo kulia na kushoto. Kati ya vifundo hivyo mshale ukae na uwazi kidogo, unene wa karatasi nene moja au mbili. Uwazi huo ni wa lazima. Upinde ukiwa umetulia, upote umenyooka na mshale una nafasi. Ukivutwa hadi mwisho, upote unafanya pembe na kila kilicho juu na chini ya mshale kinasogea kuubana. Mshale uliobanwa utauona unanyanyuka kutoka mahali pake pa kulala bila wewe kuugusa. Wengi wakiona hivyo hulaumu mkono wao.

Ndipo sasa kamba ipande. Kofia ya kwanza huwekwa kushoto, kamba ikazunguka upote juu ya mshale na kuja kuibana ncha yake. Kwa chini hufanywa hivyohivyo kwa kugeuza, kofia ya pili ikatokea kulia. Wanaoanza hukosea hapa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu mikono hupenda kurudia ilichokifanya, na hapa inatakiwa ifanye kinyume chake. Kofia zikikaa upande mmoja, kila mvuto utausokota upote upande huo. Dalili yake inajitokeza mbali na kitanzi, juu kwenye kitundu cha kulengea kilichochomekwa kati ya nyuzi za upote. Unavuta, unaleta jicho, na kitundu kimekupa ubavu.

Mafundo husogezwa kwa kucha mpaka yaguse vifundo vya uzi, yakakazwa nusu, yasikazwe kabisa. Hali hii ya nusu ina faida ambayo sijui kama aliyegundua kitanzi aliikusudia. Duru za mzongo zinapanda kwa mshazari mdogo sana, kwa hiyo kitanzi ambacho hakijakazwa kikizungushwa kuuzunguka upote hupanda au kushuka kama nati kwenye skrubu. Uzi wa mzongo ukiwa na unene wa nusu milimita, mzunguko mmoja kamili ni nusu milimita. Rula ya kawaida itakusumbua kupima hatua ndogo hivyo, lakini kitanzi kinakupa kwa kugeuza kiganja. Ni kazi ya kufanywa kabla vifundo vya uzi havijafungwa moja kwa moja, na ndiyo sababu wengine hufunga kitanzi kwanza, wakakisogeza hadi waridhike, kisha ndipo wakafunga vifundo ndani yake.

Kuridhika huko hupimwa kwa karatasi. Karatasi hutandazwa kwenye fremu, mpigaji akasimama mita mbili hivi kutoka hapo na kupitisha mshale, karatasi ikachanika. Mshale ulionyooka huacha tundu moja lenye alama za manyoya zilizolizunguka. Mkia ukichana juu ya tundu la kichwa, mara nyingi mkia umefungwa juu mno, na kitanzi kinahitaji kushuka duru moja au mbili. Ukichana chini, kipande. Nasema mara nyingi kwa sababu karatasi ina lugha zaidi ya hiyo, na mshale laini kupita kiasi unaweza kuandika uongo unaofanana na ukweli. Hapo ndipo uvumilivu unapohitajika: sogeza duru moja, piga tena, tazama, usibadilishe kingine chochote.

Kukaza kwa mwisho ni kazi ya koleo. Mdomo wa koleo huingizwa ndani ya kitanzi ukiwa umefungwa, kisha hufunguliwa taratibu, kamba ikavutika juu na chini kwa wakati mmoja. Utasikia kamba ikilia kidogo inapojikaza dhidi ya mzongo, kofia zikasogea, zikakwama. Rudia mpaka kofia zisisogee tena. Wapo wanaodondoshea gundi juu ya mafundo. Mimi naona gundi inamnyima mtu nafasi ya kurekebisha, inaifanya kamba kuwa ngumu na rahisi kukatika pale inapojikunja, na siku ya kuondoa kitanzi inaondoka na mzongo. Fundo lililokazwa vizuri haliihitaji.

Mvuto wa kwanza ufanyike mbele ya shabaha, mshale ukiwa umepachikwa. Upinde usiachiwe kamwe bila mshale. Nguvu iliyokuwa iende na mshale itabaki ndani ya upinde, na mikono ya kaboni imepasuka kwa njia hiyo.

Nikitaka kumwonyesha mtu uzito uliobebwa na kitanzi, humtajia wapigaji wawili. Matt Stutzman wa Marekani alizaliwa bila mikono. Huketi, akaushika upinde kwa mguu, kifyatuo kikiwa kwenye mkanda uliofungwa begani, akavuta kwa kusukuma mguu mbele na kuachia kwa taya. Alipata fedha London mwaka 2012 na dhahabu Paris mwaka 2024, katika michezo ya Paralimpiki. Sheetal Devi wa India, aliyezaliwa mwaka 2007 naye bila mikono, huvuta kwa bega na kuachia kwa taya, na Paris mwaka huohuo alipata shaba pamoja na Rakesh Kumar katika timu ya mchanganyiko. Kitanzi hakijali mvuto umetoka kiganjani au begani. Kinahitaji ndoano moja na mstari ulionyooka.

Wapigaji wa kiwango hicho wanasimama au kuketi mita 50 kutoka kwenye shabaha ambayo duara lake la alama kumi lina kipenyo cha sentimita nane. Kompaundi imo katika mashindano ya dunia tangu Jakarta mwaka 1995, na Los Angeles mwaka 2028 itaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, kwa timu za mwanamume na mwanamke. Kwa umbali wa mita 50, nusu milimita kwenye upote huonekana kwenye shabaha. Ndiyo maana wapigaji makini huandika vipimo vyao: urefu wa kamba iliyokatwa, uwazi wa kitanzi baada ya kukazwa, umbali wa kifundo cha juu kutoka mstari ulio pembe mraba na upote. Baadhi hukata vipande kadhaa kwa urefu mmoja, wakapika ncha za vyote siku hiyohiyo, wakaviweka kwenye mfuko wa mishale.

Kutunza kitanzi, basi, ni kukitazama. Mahali ndoano inapokaa ndipo pa kwanza. Kamba hubanika hapo, ikawa bapa na kung'aa. Hilo ni la kawaida. Vinyweleo vikianza kusimama, bado kuna muda, ila umeanza kuhesabiwa. Suko la nje likifunguka na kuonyesha nyuzi za ndani, muda umekwisha, hata kama jioni hiyo umebakiza mishale mitatu. Kofia nazo zitazamwe: iliyokuwa imetokeza nje ya fundo na leo imezama nusu, inachomoka. Na kitanzi kikigeuka kwenye upote kwa kusukumwa na kidole tu, fundo limelegea.

Kitanzi kinachochakaa haraka kuliko ilivyotarajiwa kwa kawaida kinasema habari za kifyatuo. Pitisha pamba juu ya ndoano. Ikinasa, chuma kina ncha kali, nacho kinahitaji kusuguliwa kwa msasa laini kabla kamba mpya haijafungwa. Nta ni ya upote. Kwenye kitanzi mimi huiweka kidogo sana, ndani ya mafundo, nikiacha mahali pa ndoano pakavu, kwa sababu nta hushika vumbi, na vumbi likisuguliwa na chuma hufanya kazi ya msasa.

Uangalifu wote huu una sababu. Kitanzi kikikatika upinde ukiwa umevutwa hadi mwisho, mkono wenye kifyatuo hurudi usoni kwa nguvu zilezile ulizokuwa unavutia, na mshale huondoka kwenda mahali ambapo hakuna aliyepachagua. Anayengoja kamba ikatike ndipo aibadilishe anaweka rehani usalama wake na wa wenzake.

Siku ya kukibadilisha, wembe usikaribie mafundo. Mzongo uko chini yake, na chini ya mzongo kuna upote. Kata kwenye kona ya nyuma, pale ndoano ilipokuwa inakaa, makali yakielekea mbali na upinde, kisha uzifumue ncha mbili kwa mkono. Kagua mzongo uliokuwa umefunikwa. Duru zilizotengana zirudishwe kwa ukucha, zilizokatika zizungushwe upya. Funga kamba mpya kwa vipimo vilivyoandikwa, kaza kwa koleo, halafu piga mishale kumi au ishirini karibu na shabaha bila kujali inatua wapi. Mafundo yatajongea kidogo yakitafuta mahali pake. Rudisha koleo ndani, kaza tena, pima tena urefu wa uwazi. Ukilingana na ulioandikwa, rudi nyuma hadi mita 50, na ndipo uanze kugusa skrubu za kilengeo.